Majarida ya Kiingereza ya wageni: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Majarida ya Kiingereza yanayotolewa kwa wageni wanaoishi nchi isiyo yao ni ya Waingereza na Wamarekani wanaokumbuka kwao.

Zamani ilikuwa hivyo. Gazeti la Kiingereza ambalo mchapishaji Galignani alilianzisha Paris mwaka 1814 lilisomwa na Waingereza waliomiminika Ufaransa vita vya Napoleon vilipotulia. Lakini The Bulletin, lililoanza Brussels mwaka 1962, lilikulia katika mji uliojaa watumishi wa taasisi za Ulaya, wengi wao wakizungumza Kiingereza kama lugha ya kukutania tu. Wenyeji nao huyasoma majarida haya, wengine kwa kujinoa Kiingereza, wengine kwa udadisi wa kujua wanasemwaje.

Dhana: Yanagawiwa bure, kwa hiyo hakuna anayelipa.

Anayelipa ni mtangazaji. Metropolis la Tokyo lilianza mwaka 1994 kwa jina la Tokyo Classified, yaani lilijitambulisha kwa matangazo yake madogomadogo: chumba cha kupanga, kazi ya kufundisha lugha, kitanda cha mtu anayerudi kwao. Mgeni aliyeshuka juzi hajui daktari wa meno wa kumwendea wala shule ya kumpeleka mtoto, na pengine mshahara wake si haba. Shule za kimataifa, kampuni za bima na wahamisha mizigo wanamtafuta mtu huyo huyo, na jarida ndilo linalowakutanisha.

Ndiyo maana majarida haya huhitaji kusomwa kwa jicho kali. Makala inayoisifu shule, huku tangazo la shule hiyo likiwa ukurasa wa pembeni yake, ni tangazo lenye aya nyingi zaidi, hata iwe imeandikwa vizuri namna gani.

Watu husema pia kwamba intaneti iliyapokonya wasomaji. Kwa maoni yangu pigo zito zaidi lilikuwa kupokonywa matangazo madogo, maana msomaji wa bure hakuwa akileta senti. Kansai Time Out la Japani, lililoanza 1977, lilifungwa 2009. The Prague Post la Ucheki liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2013.

Dhana: Serikali haishughuliki na lugha ya kigeni.

Nchini China kila jarida lazima liwe na namba ya kibali cha serikali, na mgeni haruhusiwi kulimiliki. Muingereza Mark Kitto, aliyejenga huko majarida ya Kiingereza yaitwayo That's, alipoteza biashara yake mwaka 2004.

Dhana: Ni mikahawa na karamu tu.

Kurasa nyingi ni hizo, tusibishane. Ila Buenos Aires Herald, gazeti lililo ndugu wa majarida haya, lilianza 1876 kama karatasi moja yenye matangazo na habari za meli. Miaka 100 baadaye, jeshi lilipotwaa Argentina na watu wakaanza kutoweka, magazeti mengi makubwa yalinyamaza, lakini Herald likachapisha habari za waliotoweka. Mhariri wake Robert Cox alizitaka familia kwanza zifungue ombi mahakamani, ili gazeti liwe na hati ya kuegemea. Alikamatwa mwaka 1977, na mwaka 1979, vitisho vilipomfikia hadi mwanawe, akaondoka nchini na familia yake.