Kuminya mto kwa mkono sio kuupima

Kila mara lazima mtu aje na mto mpya wa kiti cha magurudumu, ameununua soko la Kibuye ama ameshonewa na fundi wa makochi, anauminya mbele yangu akifurahi, "daktari, ona vile ni laini." Jamani. Mkono hauna uzito wa mtu mzima. Akikaa, uzito mwingi unashukia ile mifupa miwili ya kukalia, na kama anakaa ameteleza unaenda kwa kifandugu, sasa sponji laini inabonyea mpaka chini na mtu anabaki amekalia turubai ya kiti, hata kama mto ulikuwa mnene.

Na kama uti wa mgongo umeumia, hasikii. Ukimuuliza atakwambia yuko sawa kabisa na hadanganyi, ni vile neva hazileti habari, na kidonda cha kugandamizwa kinaweza kuanzia ndani karibu na mfupa, ukikiona kwa ngozi kimeshaenda mbali. Hii ndio inaniuma, mto kupitishwa kwa sababu mwenyewe amesema anausikia poa.

Njia ya kupima iko kwa mafunzo ya WHO, Shirika la Afya Duniani, na haitaki mashine yoyote. Mtu akae kwa mto wake, kwa kiti chake, miguu ikiwa imekanyaga. Muombe ruhusa, aegemee upande, weka ncha za vidole chini ya mfupa wa kukalia, kati ya mwili na mto, alafu akae wima. Zikiweza kuchezacheza juu na chini milimita 5 ama zaidi, hapo ni salama. Zisipocheza lakini zinatoka bila shida, hilo ni onyo. Zikibanwa mpaka unavuta kwa nguvu, huo mto hapana, bei iwe gani. Pima pande zote mbili, kwa sababu nyonga ikiwa imepinda, upande mmoja unapita na ule mwingine unaumia.

Wa sponji, mimi nataka ngumu chini, iliyochongwa nafasi ya mifupa, alafu laini juu. Wa hewa usijazwe mpaka ukawa mgumu kama mpira, mtu anafaa kuzama kidogo bila kugusa chini. Ule wa duara wenye shimo katikati, achaneni nao, kingo zake zinabana damu.

Kifuniko ndio kinanisumbua mpaka leo. Joto la Kisumu na nailoni ni jasho tupu, na ngozi yenye unyevu inachubuka haraka, lakini mkojo ukivuja kwa sponji isiyofunikwa basi sponji imekwisha. Kila mtu namwamulia kivyake na sio mara zote natoka nikiwa nimeridhika. Hata ile sheria ya kuinama mbele kila dakika 15 ama 30 ili kutoa uzito kwa mifupa ya kukalia, ushahidi wa hizo dakika zenyewe ni mdogo kuliko vile tunavyozitamka, ila ainame, na akae hivyo dakika mbili hivi, sio kujiinua sekunde kumi na kurudi.

Jioni angalieni ngozi. Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu, gusa, linganisha na pembeni: kama kuna joto, ama pamekuwa pagumu, ama panatepeta, asikalie hapo tena mpaka paishe, na huo mto upimwe upya.