Southport, kwenye makumbusho ya mashine za kukata nyasi

Kazi yangu ni kutunza nyasi za viwanja vya mpira, kwa hiyo wanaonijua hawakushangaa niliposema nakwenda Southport, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kutazama mashine kuukuu za kukata nyasi. Walichouliza ni kama kweli kuna cha kutazama huko. Kipo, tena kingi.

British Lawnmower Museum iko Shakespeare Street, pamoja na duka la mashine hizo hizo. Mwenye mkusanyiko ni Brian Radam, aliyewahi kuwa bingwa wa mbio za mashine za kukata nyasi (ndiyo, mbio hizo zipo). Mashine alizozifufua ni zaidi ya 200, zimebanana toka sakafuni hadi ukutani. Wageni wengi hukimbilia zile za watu mashuhuri: ya Charles na Diana, au ya Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar. Ipo pia kazi ya Royal Enfield, wale wale wa pikipiki.

Mimi nilizama kwenye mashine za silinda, zile zenye visu vilivyopangwa kama pipa linalozunguka, maana hizo ndizo uzao wa Edwin Beard Budding. Mwaka 1830, huko Stroud, kusini-magharibi mwa Uingereza, fundi huyu alikuwa akizijua mashine za viwanda vya sufu zilizonyoa manyoya ya juu ya kitambaa ili kibaki laini. Akafikiri: kinachonyoa kitambaa kitashindwaje kunyoa nyasi? Kabla yake bustani za matajiri zilifyekwa kwa miundu mirefu, alfajiri, umande ungali majanini, na ilitaka mikono mingi yenye ujuzi. Mashine yake ya chuma ilikata upana wa sentimita 48. Mtu aliisukuma kwa nyuma, rola ikazungusha gia, na gia zikaizungusha silinda ya visu mara 16 kwa kila mzunguko wa rola.

Inama utazame chini ya mashine yoyote ya silinda pale, ya mkono au ya injini, utaukuta mpango ule ule. Visu vya silinda vinapita juu ya kisu kimoja kisichosogea, na jani linakatwa kati yake kama kwa mkasi. Mashine ya kisu kimoja kinachozunguka kama feni, ambayo ndiyo tuliyoizoea viwanjani kwetu, hulipiga jani kwa kasi tu. Kisu kikiwa butu, jani linachanika, na kesho yake kiwanja kizima kina ncha za kahawia. Wenye viwanja hudhani ni ukame, wanaongeza maji, wakati tatizo liko kwenye kisu.

Ukoka wetu unapenda kukatwa chini na mara kwa mara, na hapo silinda haina mpinzani, mradi ardhi iwe imesawazishwa na haina mawe. Ukiwa nayo, ipime kwa kipande cha gazeti: kipitishe kati ya kisu cha chini na silinda huku ukiizungusha taratibu kwa fimbo, vidole viwe mbali. Ikikata safi toka mwisho huu hadi ule, ingia kazini. Ikikunja karatasi upande mmoja, kaza skrubu za kisu cha chini upande huo, kidogo kidogo, kisha upime tena.