Hapana, benki ya KB ya Korea si ya Samsung

Kuna hii stori ya miaka mingi kwamba Korea Kusini kila kitu ni cha Samsung au Hyundai, hadi mabenki. Kwenye simu na magari sawa, ila benki ndo hapana kabisa.

Chukua KB Financial Group. Hii ni kampuni mama iliyoundwa 2008, yenyewe haikai dirishani kupokea hela zako, inamiliki tu zile zinazofanya kazi: benki ya KB Kookmin, bima, kadi, udalali wa hisa na kadhalika. Haina familia tajiri nyuma yake, mwenye hisa nyingi kuliko wote ni mfuko wa pensheni wa taifa na hata huo hauna robo, halafu sehemu kubwa ya hisa ziko kwa wawekezaji wa nje, mpaka New York zinauzwa.

Sababu ni sheria. Kampuni za viwanda na biashara haziruhusiwi kupitisha 4% ya hisa zenye kura kwenye benki zinazofanya kazi nchi nzima, maana serikali iliogopa tajiri mwenye kiwanda ajikopeshe akiba za watu. Benki za mtandaoni ndo zimelegezewa, zile kama KakaoBank, hadi 34%.

Kinachochanganya watu nadhani ni kwamba bima na kadi hazibanwi hivyo, ndo maana Samsung Life na Samsung Card zipo kweli. Na Hyundai Securities, ile ya udalali wa hisa? Ilinunuliwa na haohao KB 2016.