Je, wajua kwa nini bata dume wa Ulaya hufika Naivasha amevaa kama jike?

Nenda Ziwa Naivasha mwezi wa Novemba na kamera yako. Kando ya mafunjo utawakuta bata wadogo wa rangi ya udongo, wamefanana utadhani wameshonewa kitambaa kimoja. Ni wageni kutoka Ulaya na Asia; jina lao la kisayansi ni Spatula querquedula. Utapiga picha mpaka kadi ijae, kisha ukifika nyumbani ufungue kitabu cha ndege ubaki mdomo wazi: dume wa kitabuni ana mstari mweupe mpana juu ya jicho, umepinda hadi kisogoni. Mbona hukumwona hata mmoja?

Walikuwepo, tena pengine wengi.

Mambo huanzia huko kaskazini. Msimu wa kutaga ukipita, bata dume hunyonyoka. Ndege wengi hubadilisha manyoya ya mabawa kidogo kidogo ili waendelee kuruka, lakini bata humtoka yote kwa mpigo, naye hukaa wiki tatu hadi nne bila kuruka. Ndege wa namna hiyo akibaki na madoido yake, mbweha hana kazi ngumu. Ndiyo maana manyoya ya mwili hutangulia kubadilika yakawa ya kahawia, ndipo mabawa yafuate.

Mabawa mapya yakishaota, safari ya Afrika huanza. Madume wa aina nyingine nyingi za bata wa Ulaya hurudia urembo wao kabla ya mwaka kwisha. Huyu hana haraka: hubaki na nguo za mafichoni hadi Januari au Februari, akiwa huku kwetu. Machi anaondoka akiwa bwana harusi kamili, na watu wa Ulaya wanampokea majira ya machipuko wakidhani ndivyo alivyo siku zote. Sisi ndio tunaojua alivyokuwa kabla ya kupambwa.

Je, Novemba utamtambuaje? Subiri aruke. Manyoya ya bawa hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo bawa halidanganyi: sehemu ya mbele ya bawa la dume ni ya kijivu kinachoelekea buluu, ya jike ni ya kijivu kilichofifia. Furukombe akipita juu, kundi zima huchomoka majini wima. Weka kasi ya shata ya kamera iwe 1/2000 ya sekunde, jua la asubuhi liwe mgongoni, umwombe mwenye boti azime injini mapema. Picha nzuri hupigwa kamera ikiwa chini, usawa wa jicho la bata, lakini usithubutu kulala ufukweni kuitafuta. Naivasha ina viboko.

Na kama macho yamekushinda, tega sikio kuanzia Februari. Dume anayechumbia hutoa mkwaruzo mkavu, kama ukucha ukipitishwa kwenye meno ya kitana.