Friji ya Mama na Neno "Uzee": Dhana Potofu na Ukweli

Katika nyumba yetu ya Langoni, mjini Lamu, ipo friji iliyonunuliwa Mombasa mwaka 1994, ikaletwa kwa jahazi na kusukumwa kwa mkokoteni kutoka gatini. Bado inagandisha maji. Mama yangu naye amefikisha miaka 80, na wageni waingiao husema juu ya friji na juu yake maneno yanayofanana, ambayo mengi si kweli na baadhi yana madhara.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba gesi ya friji huisha kwa kutumika, kama mafuta ya taa yanavyoisha katika kandili. Ukweli ni kwamba gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa: kompresa huikandamiza, ikatoa joto lake kwenye mabomba ya nyuma, kisha hutanuka na kuvuta joto la ndani, halafu hurudi kuanza upya, na mzunguko huo unaweza kuendelea miaka mingi bila ya gesi kupungua. Ikipungua, pana tundu. Kwetu Lamu hewa ya chumvi hula chuma upesi, hasa huko nyuma ambako hakuna anayetazama. Fundi mmoja alitujazia gesi mara tatu katika mwaka mmoja, na kila mara alimwambia mama, "Bi mkubwa, imezeeka tu." Fundi wa pili alipaka povu la sabuni kwenye viungio vya bomba, akakaa kimya akitazama, mpaka vipovu vidogo vikaanza kufura mahali pamoja penye kutu. Palipozibwa, friji ikapona. Tangu siku hiyo nalihofu neno "imezeeka", kwa sababu lilitufanya tusitafute tundu.

Mwili wa binadamu nao hutendewa vivyo hivyo. Husemwa kwamba uzee ni kadari ya Mwenyezi Mungu na kwamba mwenye imani hana haja ya kuhangaika na matibabu, na wasemao hivyo hutaja kuwa Mtume (S.A.W.) alisema uzee hauna dawa. Ni kweli hadithi hiyo imepokewa na wakusanyaji wa hadithi Abu Daud na Tirmidhi, lakini wasemao hivyo huikata. Hadithi yenyewe huanza kwa kuamrisha watu wajitibu, kwani kila maradhi yamewekewa dawa, isipokuwa uzee. Basi wajibu wetu wa kwanza ni kutenganisha ugonjwa na umri. Macho ya mama yalipoingia ukungu akashindwa kusoma msahafu, jamaa walisema ni miaka. Kumbe ulikuwa mtoto wa jicho, ambao hutolewa kwa upasuaji mfupi na lenzi ya bandia ikawekwa mahali pake. Kusahau kunakompoteza mtu katika vichochoro alivyovipita tangu utotoni nako si hali ya kawaida ya uzee, na daktari anapaswa kuelezwa.

Wengine huzima friji usiku ili "ipumzike", na humkataza mzee kuinuka kwa sababu hiyo hiyo. Friji hujipumzisha yenyewe, maana thamostati huikata kompresa baridi ikitosha. Ukiizima usiku kucha, joto la samaki na maziwa hupita nyuzi 5 na vijidudu huzaana. Mzee asiyetembea naye hupoteza misuli upesi, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa wenye miaka 65 na zaidi angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. (Friji kuukuu kwa kawaida hula umeme mwingi kuliko mpya, hilo si dhana, ni kweli.)

Lililomwumiza mama zaidi lilihusu ibada. Magoti yalipomkatalia kusujudu, aliamini kwamba swala ya kitini ni pungufu, akawa analia baada ya salamu. Ukweli ni kwamba sahaba Imran bin Huswein, aliyekuwa na bawasiri, alipomwuliza Mtume (S.A.W.) aliambiwa aswali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Kwa saumu pia, asiyeiweza tena hulisha maskini kwa kila siku, kutokana na aya ya 184 ya Suratul Baqara. Na katika mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari imo hadithi kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko kwake. Nilipomsomea hiyo, mama aliniomba niirudie, kisha akavuta kiti chake hadi dirishani, pale pale alipokuwa akitandika mswala miaka yote, akaketi kusubiri adhana ya alasiri.