Shakuhachi: shingo ikiuma usikimbilie kubadilisha filimbi

Tangu baridi ianze hapa Tokyo malalamiko kwenye dawati letu la kuazimisha ala yamezidi, na karibu yote yanafanana, shingo inauma, dole gumba linakufa ganzi, alafu mtu anataka abadilishiwe filimbi. Jamani, mara nyingi filimbi haina kosa.

Kwenye shakuhachi, hii filimbi ya mwanzi ya Kijapani, shingo ndo inatafuta noti. Ukishusha kidevu sauti inashuka, hiyo ni meri, ukikiinua inapanda, hiyo kari. Sasa kama ushajikunja kuifuata filimbi, shingo itashuka kwenda wapi tena? Kaa wima kwanza, legeza mabega, kichwa kitulie, alafu mikono ndo iilete filimbi mdomoni. Midomo iwe kama unapoza chai ya moto, upepo mwembamba.

Juzi mwanafunzi kanionesha dole gumba la mkono wa chini, lina alama nyekundu ya mwanzi, anabana balaa. Nikamwambia aachie vidole vyote, abaki na kidevu, madole gumba na vile vya kati tu, maana vya kati havina tundu la kuziba, kazi yao ni kushika. Filimbi haikuanguka. Alikuwa anabana miezi yote hiyo bure.

Na hili la kwamba lazima upige magoti naomba liishe, komuso, wale watawa wa Kibuddha wa dhehebu la Fuke waliofunika kichwa kwa kapu, walikuwa wanapiga wamesimama milangoni kwa watu mpaka dhehebu lao likafutwa 1871. Magoti yakiuma chukua kiti.

Kila siku dakika 10 piga noti ya ro tu, matundu yote yamezibwa, mbele ya kioo, uangalie mabega. Ganzi ikiendelea hata ukipumzika nenda kwa daktari, sisi hatutibu.

Kuhusu kurudisha: pitisha kitambaa ndani, filimbi iingie kwenye mfuko wa plastiki ufungwe, maana hita inakausha hewa na mwanzi unapasuka. Ikirudi na ufa unajaza fomu mbili, ya kurudisha na ya uharibifu, unasaini zote mbele ya mhudumu, na huazimi tena mpaka fundi ataje bei na ulipe. Ukiuficha ufa tukaugundua wenyewe unafungiwa msimu mzima, na hilo mimi siwezi kulifuta hata ukinijia ofisini. Vitambaa na mifuko ni bure, omba hapo hapo dawatini.