Kujifukiza si tiba ya joto

Juzi kliniki mama mmoja alifunua khanga, nikaona mapaja yamebabuka na malengelenge mengine yamepasuka. Ana saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa wiki ya tatu ya mionzi, akapotea siku tisa. "Daktari, nilisikia Ulaya wanatibu kansa kwa joto, nikawa nakalia sufuria ya mwarobaini." Ni wa nne kuniambia hivyo mwaka huu, na nimechoka kuona ngozi za watu zikiungua bure.

Ulaya kweli wanatumia joto. Uholanzi walifuatilia wagonjwa 358 wenye saratani za viungo vilivyo ndani ya nyonga, matokeo yakatoka mwaka 2000. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, waliopata mionzi peke yake, 27 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliochanganyiwa mionzi na joto walikuwa 51. Someni vizuri: wote walipata mionzi.

Na joto lile halitoki jikoni. Mashine hupeleka mawimbi ya redio ndani ya nyonga hadi uvimbe ufike nyuzi joto 40 hadi 43, ukae hapo kama saa nzima, huku vipimajoto vyembamba vikiwa vimeingizwa mwilini. Joto hilo huzuia seli za saratani kukarabati vinasaba vilivyokatwa na mionzi, na huzidhoofisha zile zilizokosa oksijeni katikati ya uvimbe, ambazo ndizo sugu kwa mionzi. Mvuke wa sufuria huishia kwenye ngozi. Jasho linatoka, damu inalitawanya joto, nyonga ndani inabaki kwenye nyuzi 37 zake. Utaungua kabla uvimbe haujapata joto lolote la maana.

Kinachoniuma zaidi ni zile siku tisa. Mionzi ya nje (ya mashine) na ya ndani (inayowekwa karibu na uvimbe) inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi inaupa uvimbe nafasi ya kuota tena. Ukitaka kujaribu kitu, niulize kwanza, lakini mionzi usiikatishe.

Wengine wanakunywa maji ya moto sana "yaue kansa". Tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, hasa ya umio, nayo huku kwetu Afrika Mashariki ni nyingi. Iache chai ipoe, tafadhali.

Wengine huniuliza kuhusu tiba ya plazima. Si ile ya damu. Ni gesi, kama agoni, iliyopitishwa umeme. Greifswald, Ujerumani, wameitumia kwenye vidonda vya saratani ya kichwa na shingo kupunguza bakteria na harufu. Ikichanganywa na joto la wastani, seli nyingi zaidi hufa, lakini hayo ni ya maabara, na plazima yenyewe hufanya kazi juu juu tu. Anayekuuzia "tiba ya plazima" ya saratani ya ini anakuibia.

Na kile kifaa cha nyuzi 100 kinachotumika baada ya kipimo cha siki cha mlango wa kizazi huondoa mabadiliko ya awali, kabla hayajawa saratani. Saratani ikishaota, hicho hakitoshi.

Mama yule amerudi kwenye ratiba. Kila asubuhi nesi anamfunga vidonda vya mapaja kabla hajapanda kwenye mashine.